Tabaka la Maji Chini ya Godoro la Kawaida: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Tangu masika nimeitwa kwenye nyumba nne hapa Tanga: mbili Makorora, moja Chumbageni, moja Mikanjuni. Kote nimekuta kitu kilekile. Mfuko mmoja mkubwa wa nailoni, umejazwa maji mpaka umevimba, umelazwa chini ya godoro la inchi 8. Nyumba mbili godoro limelowa na kuota ukungu. Nyumba ya tatu chaga zimekatika usiku wa kwanza. Ya nne hakuna kilichovuja wala kuvunjika, ila mama mwenye mgongo wake akaniambia, "Fundi, mie sioni tofauti na nilipokuwa nalalia godoro tupu." Alikuwa sahihi kabisa, na huko mbele utaona sababu.

Vipimo vyote hapa ni vya kitanda cha futi 3½ kwa 6, yaani sentimita 107 kwa 183, kwa kuwa ndicho wanacholalia wazee na wagonjwa wengi ninaowafanyia kazi.

Unachojenga ni nini

Hujengi kitanda cha maji. Unajenga tabaka la unene wa sentimita 5 hivi, linalokaa kati ya ubao na godoro jembamba la kawaida. Maji hayasinyai kama sponji. Ukiyakandamiza hapa, yanahamia pale. Mtu akilala, nyonga na mabega ambavyo ni vizito vinazama kidogo, na maji yaliyosukumwa yanakwenda kushika sehemu zilizokuwa zinaning'inia bila kushikwa. Mifupa inapumua.

Mfuko mmoja wa kitanda kizima, ukiujaza unene wa sentimita 5, unabeba lita 98. Hizo ni kilo 98 kabla mtu hajapanda. Mtu akigeuka, kitanda kizima kinayumba, na ukitoboka mahali pamoja, lita zote 98 zinatafuta sakafu.

Kwa hiyo tunatumia mirija kumi mifupi, kila mmoja umefungwa peke yake, na yote imelala kukingama kitanda, ubavu hadi ubavu. Hapo kwenye kukingama ndipo penye kazi yote. Ukilaza mirija mirefu kutoka kichwani hadi miguuni, nyonga zinasukuma maji yote kwenda miguuni na mtu anaamka amepinda kama ndizi. Mirija ikikingama, maji ya nyongani yanabaki nyongani.

Vifaa

- Mpira bapa wa bluu wa inchi 4, ule unaofungwa kwenye pampu ya kumwagilia mashamba, mita 14. Ukiwa mtupu unalala bapa, upana wa karibu sentimita 16.
- Bomba la plastiki la maji la nusu inchi, mita 3½.
- Bomba la aina hiyohiyo la inchi 1¼, mita 3½.
- Tyubu chakavu la gari, la kukata mikanda ya mpira.
- Plaiwudi ya milimita 12, shiti moja.
- Nailoni nzito ya ujenzi, ile inayotandikwa chini ya zege la sakafu, mita 1½ kwa mita 2½.
- Sponji ya unene wa inchi 2, ya kukata fremu ya kuzunguka.
- Godoro la inchi 3 au 4. Sio zaidi.
- Jiki, faneli, ndoo, kidumu cha lita 5, msumeno wa chuma, msasa, kalamu ya wino mzito, magazeti ya zamani.

Mpira bapa uchague kwa macho yako. Kunja kipande palepale dukani, kibane kwa vidole, kifungue. Mkunjo ukibaki na mstari mweupe au nyufa ndogo, plastiki imekaa juani mno, urudishe. Uwe na nyuzi zilizofumwa ndani ya plastiki, kwa sababu nyuzi ndizo zinazouzuia kutanuka.

Najua wengi watauliza kuhusu nailoni ya viriba vya miche, kwa kuwa ni rahisi na inauzwa kwa kilo. Ile ni ya kubeba udongo kwa miezi michache. Ukiifunga kwa mshumaa au pasi, kiungo kinaachia mtu akikaa pembeni ya kitanda. Hizo nyumba mbili zilizolowa, moja ilikuwa ya viriba.

Hatua ya 1: Kagua kitanda kwanza

Mirija kumi itabeba karibu lita 45, kwa hiyo kilo 45. Ongeza ubao, kilo kumi na kitu, godoro, kisha mtu. Chaga zisiachane zaidi ya vidole vinne, na ziwe zimepigiliwa, zisiwe zimewekwa tu juu ya mbavu za kitanda. Kama kitanda hakina mguu wa katikati, pigilia mmoja. Kipande cha mbao ya 2 kwa 4 kinatosha.

Kitanda cha kamba, teremka tukaze, kiache kabisa. Kamba zinalegea kila siku, hiyo ndiyo asili yake, na maji yatakusanyika katikati hata ukaze vipi.

Umefaulu ukiweza kukaa katikati ya chaga tupu, wewe na mtu mwingine, bila kusikia mlio.

Hatua ya 2: Ubao na beseni

Kata plaiwudi iingie ndani ya kitanda bila kulazimisha. Pitisha kiganja uso mzima, polepole, ukitafuta kichwa cha msumari au kibanzi. Piga msasa kingo. Kisha tandika nailoni ya ujenzi juu ya ubao na uinue kingo zake pande zote nne, sentimita 10 kwenda juu. Pembeni usikate, kunja kama unavyofunga zawadi.

Hilo ndilo beseni lako. Mrija mmoja ukivuja, lita zake nne na kitu zitabaki humo hadi asubuhi badala ya kuingia kwenye mbao. Usilitoboe kwa pini za kubania hata kama linakusumbua kukaa.

Hatua ya 3: Kata mirija na kuiwekea alama

Kata vipande kumi vya mpira bapa, kila kimoja sentimita 120, na kimoja cha akiba. Kwenye kila kipande chora mstari sentimita 17½ kutoka kila ncha. Kati ya mistari miwili zinabaki sentimita 85, na hapo ndipo maji yatakapokaa. Hizo 17½ za kila upande ni za kuviringisha.

Usifupishe ili kubana matumizi. Ncha fupi inaviringika mara moja tu, na mviringo mmoja haushiki maji.

Hatua ya 4: Vibanio

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafunga ncha kwa waya au kamba ya katani, mpira unajikusanya mikunjo, na kila mkunjo ni mfereji mdogo. Ncha lazima ifungwe ikiwa bapa.

Kata bomba la nusu inchi vipande 20 vya sentimita 16. Hivi ni vijiti vya kuviringishia. Kata bomba la inchi 1¼ vipande 20 vya urefu huohuo, kisha kila kimoja kipasue kwa urefu na uondoe ukanda wa upana wa sentimita 1, ili kibaki kama herufi C. Hicho ndicho kibanio.

Sasa piga msasa. Piga tena. Kingo za kibanio na ncha zote mbili ziwe laini kama kucha. Mimi cha kwanza nilikifanya haraka haraka, nikakiacha na ukali kidogo. Saa tisa usiku nikasikia kitu kinadondoka: to, to, to. Nikadhani bomba la jikoni. Asubuhi nikainua godoro nikakuta mpira umekatwa mstari mwembamba kama wa wembe, palepale kibanio kilipouma.

Kufunga: weka kijiti kwenye ncha ya mpira uliolala bapa, viringisha bila kulegeza mpaka kifike kwenye mstari, kisha sukuma kibanio kwa nguvu juu ya msokoto mpaka kiruke na kukaa. Kikigoma, kichovye kwenye maji ya moto kidogo, kitalegea. Kikiingia kirahisi mno, ongeza mviringo mmoja. Malizia kwa kuzungushia mkanda wa mpira wa tyubu, upana wa vidole viwili, ukiuvuta kila mzunguko.

Umefaulu ukishika kibanio kwa mkono mmoja, mpira kwa mkono mwingine, ukavuta, na kisisogee.

Hatua ya 5: Kujaza robo tatu

Funga ncha moja tu ya kila mrija. Jaza mrija wa kwanza maji mengi kadiri utakavyoweza kuufunga juu, ufunge, kisha ufungue na umimine kwenye ndoo upime. Wangu huchukua lita 6 hivi. Robo tatu yake ni lita 4½, na hicho ndicho kipimo chako. Pima wa kwako, kwa sababu mipira ya "inchi 4" madukani haitoshani.

Kwa nini robo tatu? Mtu analala katikati, kwa hiyo maji yanakimbilia ncha mbili zisizolaliwa. Ukijaza nusu, ncha hizo zinayameza karibu yote na nyonga inagusa ubao. Ukijaza pomoni, mrija unakuwa duara gumu, bimkubwa wangu alipolalia mirija niliyoijaza hivyo aliniuliza, "Mwanangu, umenilaza juu ya magogo?" Kwa robo tatu, hata ncha zikivimba kwa kadiri zinavyoweza, chini ya mwili kunabaki karibu sentimita 3 za maji.

Ipe mirija namba kuanzia kichwani. Mrija wa 1, wa kichwa, na wa 10, wa visigino, weka lita 4 tu. Wa 2 hadi wa 9 weka 4½. Anayelala akiwa mzito, kilo 90 na kuendelea, ongeza robo lita kwenye wa 5 na wa 6, ndiyo inayobeba nyonga.

Maji yawe ya bomba. Maji ya kisima huku pwani mara nyingi yana chumvi na takataka. Kila mrija utie kijiko kimoja cha chai cha jiki, kisizidi, kwa sababu jiki nyingi inachosha plastiki. Na usichanganye jiki na siki, ndimu wala sabuni ya chooni. Hutoa hewa yenye sumu.

Kujaza ni kazi ya watu wawili. Mmoja anausimamisha mrija, mwingine anamimina kwa faneli. Maji yakishaingia, anayemimina aushike mpira kwa viganja viwili usawa wa maji na avibane akivipandisha, ili hewa yote itoke. Halafu viringisha hadi kwenye mstari, bana.

Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayofanya kitanda kigugumie usiku kama tumbo lenye njaa. Tikisa mrija karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza, fungua uanze upya.

Hatua ya 6: Jaribio la sakafuni

Usiruke hatua hii. Tandaza magazeti makavu kwenye sakafu ya saruji, panga mirija juu yake, na juu ya kila mmoja weka dumu la lita 20 lililojaa kwa saa nzima. Hizo kilo 20 kwenye eneo dogo kiasi hicho zinakandamiza kuliko mtu aliyelala. Kisha toa madumu, iache mirija hapohapo hadi kesho yake saa ileile.

Gazeti linasema kweli. Tone ambalo hata kidole hakilihisi linaacha duara na wino unatambaa. Ukiona duara karibu na kibanio, fungua na uviringishe upya. Ukiliona katikati ya mrija, mpira wenyewe una tundu. Tupa, tumia wa akiba. Usizibe kwa kiraka, kwani mpira huu unakunjwa kila usiku na kiraka kitabanduka.

Umefaulu magazeti yakibaki makavu chini ya mirija yote kumi.

Hatua ya 7: Kupanga kitandani

Kata sponji ya inchi 2 upate fremu: vipande viwili vya upana wa sentimita 7 kwa ubavuni, na viwili vya sentimita 11½ kwa kichwani na miguuni. Viweke ndani ya beseni la nailoni. Katikati inabaki nafasi ya sentimita 160 kwa 93, inayotosha mirija kumi, vibanio vikigusana bega kwa bega.

Katikati ya mirija utaona nafasi ya vidole viwili hivi. Iache. Mtu akilala, mirija inatanuka na kuijaza, na hewa kidogo inayopita pale inapunguza jasho.

Juu ya vibanio, pande zote mbili, laza ukanda mwembamba wa sponji. Mtu hukaa pembeni ya kitanda akivaa kandambili, na hapo ndipo atakapovihisi.

Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinataka seti mbili ubavu kwa ubavu, mirija ishirini iliyofupishwa itoshe. Usifanye mirija mirefu ya kuvuka kitanda kizima, kwa sababu mzito atamrusha mwepesi.

Hatua ya 8: Godoro juu, kisha jaribio la kiganja

Sasa jibu la yule mama wa Mikanjuni, wa nyumba ya nne, ambaye hakuona tofauti. Sponji ya inchi 8 inabonyea yenyewe na kutawanya uzito wote kabla haujafika chini, kwa hiyo maji hayajui kama kuna mtu. Godoro la inchi 3 au 4 linapitisha umbo la mwili. Yeye nilimbadilishia godoro tu. Maji hayakuwa na kosa.

Anayetaka kutumia inchi 2 ajue kwamba atahisi vibanio na atahisi baridi. Maji yanafuata joto la chumba, ngozi ni ya moto zaidi, na maji yanavuta joto haraka. Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, hilo ni neema. Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, tandika blanketi kati ya mirija na godoro. Usiweke kifaa chochote cha umeme cha kupasha joto.

Mlaze mwenye kitanda chali. Inua fremu ya ubavuni, ingiza mkono chini ya mrija wa 5 au wa 6, kiganja kikiangalia juu, mpaka ufike chini ya nyonga. Sukuma juu kidogo. Unatakiwa uhisi kitu laini kinachosogea, chenye unene wa zaidi ya vidole viwili. Ukihisi ugumu wa mfupa, maji hayatoshi: ongeza robo lita. Rudia akilala ubavu, maana ubavuni nyonga inachoma zaidi.

Kama anayelala ni mgonjwa asiyejigeuza

Tabaka hili linapunguza mgandamizo, haliuondoi. Mgonjwa bado anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, au kama mhudumu wa afya alivyoelekeza. Kila ukimgeuza angalia visigino, mfupa wa juu ya makalio, nyonga, viwiko, mabega na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta sehemu iliyokolea rangi kuliko jirani zake, yenye joto, ngumu, au inayouma ukiigusa. Ukiiona, usiisugue; mwondolee uzito hapo na umwite mhudumu.

Aliyevunjika uti wa mgongo au nyonga asilazwe hapa bila ruhusa ya daktari, kwa sababu kitu laini kinamruhusu kujipinda. Mtoto mchanga asilazwe kabisa, hata kwa dakika tano: uso ukizama kwenye ulaini hawezi kujinasua.

Matunzo

Wiki ya kwanza inua godoro kila asubuhi upapase nailoni. Baada ya hapo mara moja kwa wiki. Mimi hubadilisha maji kila miezi sita, na siku hiyo nakagua mikanda ya tyubu. Ikianza kupasuka naikata mipya. Nailoni ifutwe na iachwe wazi ikauke mchana mmoja.

Chunga panya. Anatafuna mpira bapa bila sababu yoyote ya maana, na anapenda kona ya miguuni.

Na siku ya kuhama nyumba, mwaga maji kwanza. Niliitwa kule mtaa wa Nguvumali na kijana aliyejaribu kubeba ubao na mirija yake ikiwa imejaa, yeye na shemeji yake, kupitia mlango wa futi mbili na nusu. Mirija kumi iliteleza mmoja mmoja kwenye ngazi, na hakuna hata mmoja uliovuja. Kilichovunjika ni kidole cha mguu cha shemeji.